Pasteli Zilizoungua

Nizwa, Alkhamisi, 3 Oktoba 2024

Mdogo wangu Umkulthum,

Mwanao Muatasim amemaliza wiki yake ya kazi huku, yuko mlangoni na gari inanguruma, anasema akichelewa malori yatamziba njia ya Sinaw, kwa hiyo pokea salamu fupi leo, wewe na wote walio nyumbani kwako Sur. Ndani ya kopo mna pasteli. Nimezipika jana kwa ufuta mpya na asali ya mkunazi niliyoletewa kutoka Al Hamra. Nilisikia uchungu uliponiandikia kuwa mkweo ananunua za dukani zilizofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Mtoto wa mama yetu kula pasteli za dukani!

Tangu masikio yako yakatae simu, na vidole vyako vikatae zile herufi ndogo za kwenye kioo, mimi nimeizoea tena kalamu. Sichukii. Inanikumbusha ulipokuwa Unguja na mimi nimeshaolewa huku Oman.

Sisi wazima. Binti yangu Abeer bado anasomesha skuli ile ile. Ananiletea Reem asubuhi, anamchukua mchana akitoka kazini. Mjukuu wangu ana miaka minne sasa na maswali mia. Tangu Marhun wangu afariki, mtoto huyu ndiye anayeifanya nyumba hii iitwe nyumba. Ile homa ya kiangazi imekwisha, usinihofie.

Niambie zimekuwaje. Usinipambe.

Dada yako,
Ghaniya


Sur, Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Dada Ghaniya, shikamoo.

Umesema nisikupambe. Zimeungua.

Sisemi zimepita moto kidogo. Zimeungua, ufuta mweusi, chungu mpaka ulimi unajikunja. Kwa ujinga wangu nilizitia sahanini bila kuonja, nikampelekea mgeni pamoja na kahawa, mama yake Firas, yule mwenye pua juu. Aling'ata kidogo akaificha iliyobaki chini ya kitambaa. Nilicheka alipoondoka. Baadaye sikucheka.

Dada, wewe hujapata kuunguza ufuta. Mimi ndiye ninayeunguza. Hukumbuki Korogwe, baba alipokuwa na duka karibu na shamba la mkonge, na Bibi Eleni, mke wa yule msimamizi wa Kigiriki, akaja kumfundisha mama pasteli jikoni kwetu? Mama akatukalisha sisi wawili kizingitini: "Harufu ikifika mlangoni, semeni." Kila mara ulisema wewe kwanza, mimi bado nanusa hewa kama paka. Mama akiipua hapo hapo, na zikitoka rangi ya dhahabu.

Sasa imekuwaje? Ulikuwa na mawazo? Umeudhiwa na mtu? Niandikie kweli.

Mdogo wako,
Umkulthum


Nizwa, Alkhamisi, 10 Oktoba 2024

Umkulthum,

Kwa kopo moja tu la pasteli umeandika kama kadhi! Jiko ni jipya, moto wake mkali, sijauzoea. Reem aliniita nikageuka kidogo, basi. Na huyo mama Firas, kama ameficha kitu chini ya kitambaa, aibu ni yake.

Nimekupikia nyingine. Safari hii nimesimama juu ya kikaango sikubandua macho. Utaona rangi yake mwenyewe.

Usimwambie mtu habari ya zile za kwanza. Hasa Abeer. Siku hizi kila nikisahau miwani ananitazama vile wanavyotazamwa wazee.

Ghaniya


Sur, Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Dada yangu, shikamoo.

Rangi ni nzuri kweli. Lakini samli uliyopakia sinia imechacha. Tulipofungua kopo, mkwe wangu alirudi nyuma hatua nzima. Samli ya namna hiyo ingekutapisha ukiwa ua wa pili.

Sikuwa na nia ya kukuandikia hayo. Ningezitupa, nikakuambia ahsante. Lakini kuna jambo jingine. Muatasim alikaa mkabala nami ili nimsome midomo, akaniambia: "Mama, kwa Khalti Ghaniya kunanuka gesi. Nilipochukua kopo nilisikia harufu mpaka ukumbini. Nikamwambia, akacheka, akasema ni mfereji wa jirani."

Nilimuuliza mara mbili kama nimemsoma vizuri. Akasema, gesi, Mama, gesi.

Ghaniya, pua yako inanusa?

Usinijibu habari ya jiko jipya. Sikulala sawasawa tangu aliponiambia. Mimi najua kupoteza kitu cha mwilini kunavyokuwa. Mtu anakificha. Mimi nilitikisa kichwa na kucheka watu walipocheka kwa mwaka mzima kabla sijakubali kwamba sisikii. Lakini kutosikia kwangu hakuui mtu.

Nijibu kwa neno moja tu, ndiyo au siyo.

Umkulthum


Nizwa, Alkhamisi, 17 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Siyo. Hainusi.

Ilikwenda na ile homa. Nilidhani ni mafua, itarudi. Nikanusa karafuu, nikanusa vitunguu, nikachoma udi nikakaa juu ya chetezo mpaka macho yakatoka maji. Hakuna kitu. Siku moja nilimbeba Reem ametoka kuogeshwa, nikamnusa utosini kama ninavyomnusa siku zote, na hakuna kitu, Umkulthum. Kama nimebeba picha ya mtoto.

Chakula kimekuwa kama karatasi. Hilo nalivumilia. Nisilolivumilia ni hofu. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa jikoni nachambua mchele, Reem yuko miguuni pangu anachezea vifuniko, akaingia jirani yangu Rawiya kuleta bakuli. Alisimama mlangoni akapiga kelele. Akakimbilia jiko, akafunga, akafungua madirisha yote. Kitasa cha jiko kilikuwa wazi na moto umezimika, gesi inatoka. Tangu lini, sijui. Kichwa kilikuwa kikiniuma nikadhani ni jua. Rawiya akasema, "Ghaniya, ulikuwa umekaa ndani yake!" Nilimwomba asiseme. Reem alikuwa anatucheka sote.

Tangu siku hiyo naiogopa nyumba yangu. Nainuka kila mara kwenda kushika vitasa vya jiko, nikirudi nakaa, nikikaa nafikiri, je, nilivishika kweli? Hewa inaonekana safi. Inaonekana safi siku zote, hata ile siku ilikuwa safi. Nikimwona Reem anapiga miayo namwamsha, namtembeza uani, analia ana usingizi.

Utaniuliza kwa nini sijamwambia Abeer. Kwa sababu atamchukua. Atamtia kwenye zile nyumba za kulelea watoto, na atakuwa na haki, na mimi nitabaki na kuta. Pasteli nilikupikia ili nijue kama bado naweza. Naziona hazikunificha.

Niapie hutamwambia. Wewe ndiye niliyebaki naye.

Ghaniya


Sur, Jumamosi, 19 Oktoba 2024

Dada yangu kipenzi,

Nimeisoma barua yako nikaifunga, nikaifungua tena. Nimelia kwa ajili yako, nikakukasirikia, nikalia tena.

Umeniomba kiapo, nakupa. Wallahi sitamwambia Abeer. Lakini wewe utamwambia. Wiki hii hii. Mkalishe, mwambie kama ulivyoniambia mimi, habari ya utosi wa mtoto na habari ya Rawiya, usipunguze. Na mpaka hapo jiko usiliwashe. Kula mkate na jibini, mwombe Rawiya akupikie, sema unafunga, sema lolote. Mtungi nao ufunge juu kabisa, si vitasa vya jiko tu.

Unasema utabaki na kuta. Nimekusikia, na najua uzito wake. Lakini nikifumba macho naona mle jikoni, mchele kwenye ungo na mtoto sakafuni anapiga vifuniko. Chuma juu ya chuma, Ghaniya. Cheche moja.

Wiki ijayo Muatasim akija mikono mitupu bila barua yako, nitapanda gari mwenyewe na mguu wangu huu mbovu.

Umkulthum


Nizwa, Alkhamisi, 24 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Tulia sasa. Nimemwambia.

Jana alipokuja kumchukua Reem nilimkalisha ukumbini, nikamweleza tangu mwanzo. Alilia, masikini, akanikumbatia kwa muda mrefu. Akasema, "Mama, kwa nini ulibeba peke yako? Tutasaidiana." Reem ataendelea kuja. Abeer atanitafutia kile chombo kinacholia gesi ikivuja, anasema vinauzwa. Mtungi wa zamani ulikwisha, nitaletewa mwingine Jumapili, na huyo mletaji ndiye atakayeufunga na kuangalia kila kitu, mimi sitaugusa.

Unaona basi? Mlima wote ule, kumbe kichuguu. Jambo limekwisha, hatuna haja ya kulizungumza tena.

Leo hakuna pasteli. Nimekuwekea tende za shamba la Marhun.

Ghaniya


Sur, Jumamosi, 26 Oktoba 2024

Kwa binti yangu Abeer,

Nimemwambia Muatasim akupe barua hii mkononi, skuli kwako, Jumapili asubuhi kabla hajaenda kazini kwake. Ninakuandikia kukushukuru. Mama yako amenipa habari kwamba amekueleza kila kitu: kwamba tangu ile homa hanusi kabisa, hata gesi, na habari ya siku ile Rawiya alipoingia akawakuta yeye na Reem jikoni na gesi imejaa. Ameniambia jinsi ulivyolia na kumkumbatia, na kwamba Reem ataendelea kukaa naye. Mungu akulipe kwa upole wako.

Ameniambia pia kuwa Jumapili ataletewa mtungi mpya. Naona ni vizuri uwepo, au awepo mtu mwenye pua.

Mama yako mdogo,
Umkulthum


Nizwa, Alkhamisi, 31 Oktoba 2024

Khalti yangu,

Samahani kwa Kiswahili changu, naandika vile ninasema. Reem yuko hai, alhamdulillah. Najua Muatasim alimpigia mkewe akakwambia, lakini nataka nikwambie mimi.

Mama hakuniambia kitu. Hakuna siku alinikalisha, hakuna kulia. Niliisoma barua yako chumba cha walimu, wanafunzi wako nje wanapumzika. Nilisoma mara ya kwanza sikufahamu. Nilifikiri umekosea mtu. Halafu nikafika pale umeandika Jumapili mtungi mpya, na ilikuwa Jumapili, na Reem nimemwacha kwa mama asubuhi.

Nilipiga simu. Inalia, hakuna mtu. Nilipiga tena na tena. Nikampigia Rawiya, akasema yuko sokoni yeye na Khattab, mumewe, lakini wako karibu kufika. Nikatoka bila kumuaga mwalimu mkuu. Khalti, ile njia ya kutoka skuli mpaka kwa mama naijua kama mkono wangu, lakini siku ile sikumbuki kuipita.

Harufu niliikuta nje, kwenye geti. Mlango ilikuwa imefungwa kwa ndani na funguo yake iko kwenye kitasa, yangu haingii. Nilinyoosha kidole kupiga kengele. Kidole kimeshagusa kile kitufe, Khalti, kimeshagusa, nikakumbuka kengele ni umeme. Nikarudisha mkono wangu kama umeungua. Simu nikaitupa mbali kwenye mchanga. Nikaita, "Mama! Reem! Mama!" Hakuna jibu, nasikia kiyoyozi tu inafanya kazi.

Mama ana vile vyungu vya Bahla vya mauwa chini ya dirisha. Nikachukua kimoja nikavunja kioo cha chumba cha kulala, nikapanda. Mkono umekatwa na kioo, nimeshonwa, si kitu. Mama alikuwa kitandani, anaamka. Mimi siwezi kupumua, macho yanamwaga maji, na yeye ananitazama ananiuliza, "Kuna nini? Mbona umevunja dirisha?" Alikuwa amekaa katikati yake na hajui. Hiyo sura yake sitaisahau.

Reem alikuwa chini, kwenye godoro, kwa sababu kitandani anaanguka. Daktari alisema gesi inakwenda chini. Alikuwa ametapika kwenye mto. Nilimwita hakuamka. Nilimbeba, kichwa kinaanguka nyuma, nikampitisha dirishani, na Khattab ndiyo anafika mbio, akampokea. Mama tulimtoa baada yake. Khattab alirudi ndani akafunga mtungi. Mtungi mpya, khalti. Mpira wake ulikuwa umepasuka nyuma, pahala mtu haoni. Vitasa vya jiko vyote vilikuwa vimefungwa. Mama aliniambia alivishika mara nyingi sana kabla ya kulala kidogo na Reem.

Reem alikohoa barabarani, mikononi mwa Rawiya. Kulia kwake ndiko kulinirudisha duniani. Tulikaa spitali siku mbili. Sasa anakula, anacheza, anauliza kwa nini haendi kwa bibi.

Mama yuko kwangu. Nimemweka chumba cha wageni. Sijui niseme naye nini. Nikitoka chumbani namchukua Reem, hata nikienda kuoga. Mama anaona. Usiniambie nimsamehe, khalti, sio sasa.

Mwanao,
Abeer


Nizwa, Alkhamisi, 7 Novemba 2024

Umkulthum,

Nakuandikia kutoka kwa Abeer. Chumba ni kizuri, dirisha linatazama jabali. Jikoni kwake jiko ni la umeme na mimi siingii.

Abeer ameshakwambia, kwa hiyo mimi sina la kuongeza. Nilikudanganya, na uwongo wangu karibu umuue mjukuu wangu akiwa amelala chini, kando ya kitanda changu, na mimi juu yake nakoroma. Niliweka mkono kwenye vitasa, nikasema bismillahi, nikalala nimetulia. Hiyo ndiyo inayonitisha kuliko yote. Siku zote nilizoogopa hakuna kilichotokea. Siku hiyo sikuogopa.

Reem anapita koridoni, ananiona, anataka kuja, anamtazama mamake kwanza. Miaka minne tu na ameshajua kumtazama mamake kwanza.

Nina swali moja na nataka ulijibu. Abeer amenionyesha barua yako. Nimeisoma polepole. Wewe uliapa, na hujapata kuvunja kiapo maishani mwako, na ile barua haikuvunja. Ni ya shukrani. Lakini umemweleza humo kila kitu, moja moja, kama mtu anayemweleza asiyejua. Mpaka siku ya mtungi umeitaja.

Ulipoandika, ulijua kwamba sijamwambia?

Ghaniya


Sur, Jumamosi, 9 Novemba 2024

Dada yangu, shikamoo.

Ndiyo. Nilijua.

Uliniandikia kwamba Abeer alilia akakukumbatia kwa muda mrefu. Huyo si Abeer. Baba yake alipotolewa nyumbani kwenda kuzikwa, sote tulikuwa chini, na yeye alikuwa amesimama wima anahesabu vikombe vya wageni. Abeer angekasirika kwanza. Angepiga mlango. Nilipofika kwenye lile kumbatio nilijua umelitunga, kwa sababu ndilo ulilokuwa unalitaka.

Basi nikakaa nikafikiri namna ya kumwambia bila kuvunja neno langu kwako. Nikaiona njia hiyo ya shukrani. Nikajiona mjanja.

Sasa nikwambie ninalolijua mimi peke yangu. Barua ile niliiandika Jumamosi, wakati wa chakula cha mchana. Humu ndani mlikuwa na watu wanne na kila mmoja na simu yake. Ningemshika mkwe wangu mkono, nikamwambia, mpigie Abeer sasa hivi, mwambie asimpeleke mtoto kesho. Maneno yangekwisha kabla wali haujapoa. Badala yake nilikunja karatasi vizuri, nikaitia bahasha, nikampa Muatasim ailaze garini usiku kucha, aifikishe asubuhi, na Abeer aisome atakapopata nafasi. Muatasim anasema aliifikisha mapema. Kwa sababu alikuwa darasani, aliipokea mtu wa mlangoni. Ilikaa hapo mpaka mapumziko. Wakati wote huo Reem alikuwa kwako na mtungi umeshaletwa.

Nilijua siku, nilijua mtungi, nilijua mtoto. Nilichagua barua kwa sababu simu ingekuwa ni mimi nimekusaliti, na barua ingekuwa bahati mbaya. Nilitaka mtoto apone na wewe uendelee kunipenda, vyote viwili, na nilikuwa tayari kungoja usiku mmoja kwa ajili ya hicho cha pili.

Kwa hiyo usiwe peke yako katika chumba hicho cha wageni ukijihesabia makosa. Tuko wawili. Namwona kwenye godoro kila nikifunga macho, na mimi sikuwepo hata kumwona.

Kesho nakuja na Muatasim; barua hii ataingia nayo yeye kwanza, mimi nitangoja garini mpaka uimalize. Nimeshafunga mkoba na mkwe wangu amekasirika kwa sababu ya mguu wangu. Sitaki kufikia kwingine, nitakaa hapo hapo kwa Abeer, akinikubali. Mwambie ninataka kumweleza hili la simu kwa mdomo wangu, na kama atapiga mlango, aupige, mimi sitausikia.

Na wewe, ukiwa na la kuniambia, kaa mkabala nami penye mwanga, useme polepole. Usigeuze uso, Ghaniya. Lolote litakalokuwa, nataka kulisoma lote.

Mdogo wako,
Umkulthum